Sigara Isiyong'atwa

Simu ya Namelok ilinikuta jikoni kwangu Mbulu, nachambua mchicha. "Dada Vero," alisema, "Baba amepumzika," kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza, "Alfajiri, kitandani kwake. Sigara tumeikuta mkononi." Hapo nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwanza ndipo nikalia, na Namelok upande wa pili naye akacheka, kwa sababu sote wawili tulijua kwamba mzee yule angeweza kusahau fimbo, kofia, hata majina ya wajukuu, lakini si sigara. Na tulijua jambo ambalo wageni wa msibani wangehitaji kuelezwa, kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kuwasha hata moja.

Nilipanda basi la asubuhi, nikashuka stendi ya Babati, nikachukua bajaji kwenda Nakwa. Kijana wa bajaji aliniuliza, "Mama, unaenda kwenye msiba wa yule babu wa sigara?" Nikamwambia ndiyo, mimi ni binti yake. Sikuwa binti yake. Nilikuwa mpangaji wake kwa mwaka mmoja tu, enzi zile Babati ikiwa bado chini ya mkoa wa Arusha. Lakini kuna nyumba mtu anakaa miaka na miaka akatoka kama alivyoingia, na kuna nyumba unakaa mwaka mmoja ukakutosha kwa maisha yote. Siku hizi nyumba yenyewe ina vigae chini na dari ya jipsamu juu. Nilipoingia kuwapa pole wafiwa nilijikuta nimeinua macho, natafuta ule uwazi. Wakati wangu hapakuwa na dari. Kuta za vyumba ziliishia chini ya bati, mtu akikohoa chumba cha mwisho, wa chumba cha kwanza anamwambia pole. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha futi tatu, sanduku la bati, na dirisha la mbao lililotazama mlima Kwaraa, na ng'ambo ya ukuta walilala Baba Namelok na Mama Namelok. Nusu ya malezi niliyoyapata mwaka ule yalipita juu ya ukuta huo, wenyewe wakidhani nimelala.

Baba Namelok alikuwa Mmaasai wa Simanjiro aliyeacha ng'ombe wa baba yake akaenda kuendesha gari la mafuta. Dereva akiwa na tangi zima la petroli mgongoni, kiberiti ni mwiko. Wenzake walivumilia mpaka wafike ndipo wavute. Yeye aliona kungoja ni kujitesa bure, akaanza kuitafuna. Tena si sigara hizi za pakiti, ambazo alisema zinaloa na kuvunjika kabla hujafika kona ya pili, bali sigara nene za jani tupu la tumbaku, zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa uzi. Alipoacha kazi ya gari, petroli aliiacha barabarani, lakini mwiko alirudi nao nyumbani. Sigara zake alizitoa kwa Mama Sabina, muuza tumbaku wa sokoni, ambaye alimsokotea yeye peke yake kwa kipimo chake. Asubuhi alikata ncha iliyolowa jana yake kwa kisu kidogo, akaanza upya. Zile ncha Mama Namelok alizianika juu ya bati, akazisaga na magadi, akampelekea mama yake mzazi ugoro. Hakuna kilichotupwa. Mchungaji alipata kumuuliza mbele za watu kama ni kweli anavuta. Alijibu, "Mchungaji, tangu nizaliwe sijavuta," na Mchungaji akakosa pa kushika.

Aliyenifundisha kuisoma ile sigara ni Namelok, ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Ikiwa pembe ya kushoto ya mdomo, baba yake anasikiliza. Ikihamia kulia, amekasirika, na mwenye busara anakumbuka kuwa ana kazi uani. Ikija katikati, ana neno, na hulisemi lako mpaka aitoe aseme lake. Tulikula pamoja sebuleni, ugali na perege wa ziwani, au makande, na siku Mama Namelok akiwa na furaha, loshoro, mahindi yaliyopondwa yakatiwa maziwa mgando mengi. Wakati wa kula sigara ililala ukingoni mwa stuli, juu ya kipande cha gazeti. Namelok alikuwa akinigusa kwa kiwiko, ananong'ona, "Dada Vero, usimwombe kitu leo. Iko kulia." Sijawahi kuishi tena na mwanamume ambaye moyo wake unasomeka wazi namna ile, na nasema hivyo nikiwa nimeolewa na mtu mwema, nikazaa naye, nikamzika.

Mimi mwaka ule nilifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha mikate mjini, huku nasubiri kusikia kama jina langu litatoka chuo cha uuguzi. Hilo ndilo nililolitaka duniani. Nilikuwa nikilala naota gauni jeupe. Kuni za tanuri letu zililetwa kwa mkokoteni wa ng'ombe na kijana wa kijiji cha Mutuka aitwaye Danieli, Mwiraqw kama mimi, mpole, mwenye masikio makubwa na desturi ya kunawa mikono kabla ya kupokea mkate hata kama anaula palepale. Tulisalimiana kwa lugha yetu kabla wengine hawajafika. Nilimpenda, na hilo halikuwa siri kwangu mwenyewe. Ila kwao Mutuka kulikuwa na mama mwenye miguu mibovu na shamba refu la mahindi na mbaazi, na nilijua fika kwamba bibi arusi atakayeingia pale, habari za chuo ataziacha mlangoni.

Basi nikaugua malaria. Jumamosi moja mchana nilikuwa nimelala mkekani uani, nimejifunika blanketi juani, Mama Namelok karibu yangu anachekecha unga, Baba Namelok kwenye kiti chake, sigara iko kushoto. Danieli akapiga hodi. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono imesimama.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Wewe ni kijana wa nani?"

"Naitwa Danieli, natoka Mutuka. Nimekuja kumjulia hali Vero, nasikia anaumwa."

Akapiga goti kidogo, akatoa kitu kilichofungwa gazeti, akampa mzee kwa mikono miwili. Sisi watu wa milimani tumefundishwa kwamba nyumbani kwa mzee huingii mikono mitupu. Danieli alikuwa amepita sokoni kuuliza mzee wa Nakwa anapenda nini, na Mama Sabina, bila kufikiri mara mbili, akamchagulia sigara nene kuliko zote, ya jani jeusi lenye mafuta. Wala yeye wala mimi hatukujua kwamba kwa watu wa Baba Namelok, kijana akimletea mzee tumbaku kwenye nyumba yenye msichana, hajaleta zawadi. Ameleta maneno.

Chekecheo la Mama Namelok lilisimama hewani. Baba Namelok alifungua gazeti, akatazama, akaitoa ya mdomoni na kuiweka gotini.

"Umekuja peke yako?"

"Ndiyo, Baba."

"Wazee wako wanajua?"

"Wanajua nini, Baba?"

"Kwamba umekuja na hii."

Danieli alifikiri kidogo. "Hapana, Baba. Nimenunua mwenyewe."

Mama Namelok akajifunika khanga usoni, mabega yanacheka. Mume wake hakucheka. Alimweleza taratibu, kama anavyomweleza mtu njia. "Kijana, sisi kwetu, mimi nikiing'ata hii, nimekubali tuanze kuzungumza habari ya huyu binti. Nisipoing'ata, hakuna kilichosemwa. Yeye kwao ni mbali, hapa mimi ndiye baba yake. Umeelewa sasa umefanya nini?" Masikio ya Danieli yaliiva. Alinitazama pale mkekani, nywele zimenisimama, midomo imepasuka kwa homa, nami nikatamani blanketi linimeze. Angeweza kucheka akasema hakujua, nasi tungecheka wote yakaisha. Badala yake alisema, "Baba, kosa nimelifanya kwa kutojua. Ila silifuti."

Baba Namelok aliipitisha sigara chini ya pua kutoka ncha hadi ncha, akafumba macho. Kisha akaingia ndani, akaitia kwenye kopo tupu la kahawa, akaliweka juu ya mlango wa sebule. "Itakaa hapo," alisema aliporudi. "Mwenye kuing'ata ni mimi, lakini mwenye kusema ni yeye." Akanionyesha kwa kidevu.

Tangu siku hiyo kila jioni baada ya kula alisimama, akashusha kopo, akalifungua, akainusa, akanitazama. "Bado?" "Bado, Baba." Akalirudisha. Ikawa sehemu ya chakula, baada ya maji ya kunawa. Namelok naye akaanza kunisubiri njiani nikitoka kazini, ananiuliza kwa mbali, "Bado?" Danieli mwenyewe hakuniuliza hata mara moja. Alishusha kuni zake, akanawa, akapokea mkate, akaniambia hali ya hewa ya Mutuka kana kwamba mimi nilikuwa nimeiulizia.

Kisha ikaja masika, na masika ya mwaka ule haikuwa ya mchezo. Ziwa lilipanda likakaribia barabara, na njia ya Singida ambako tumbaku ya Mama Sabina ilitokea ikakatika. Mabasi hayaji, gunia lake likabaki vumbi. Baba Namelok alitafuna ya mwisho mpaka ikawa haina ncha wala mwanzo. Baada ya hapo alitafuna mswaki wa mti, kisha muwa, kisha kijiti cha kiberiti, na mwisho akamnyang'anya Namelok penseli aliyonunuliwa kwa ajili ya shule. Nyumba ikawa ngumu. Alimgombeza jogoo. Alimgombeza redio. Usiposimama mbali ulisikia penseli inavyolia kati ya meno. Na muda wote huo, juu ya mlango anaoupita akitoka na kuingia, kulikuwa na kopo, na ndani ya kopo sigara bora kuliko zote alizowahi kupewa. Jioni alilishusha kama kawaida. Alifungua, akainusa kwa muda mrefu kuliko zamani. "Bado?" "Bado, Baba." Alilirudisha, na kuna siku aliukosa ukingo mara ya kwanza.

Asubuhi moja, mvua ikiwa imepungua juu ya bati, niliwasikia ng'ambo ya ukuta.

"Si uing'ate tu," alisema Mama Namelok. "Kijana ni mzuri. Na binti anampenda, mimi macho ninayo."

"Kumpenda anampenda. Hajasema."

"Wasichana hawasemi."

"Huyu atasema."

"Na akikaa bila kusema mpaka Krismasi?"

"Basi nitatafuna penseli mpaka Krismasi."

Nililala pale natazama bati, machozi yananiingia masikioni. Nilikuwa nimelelewa vizuri, sina malalamiko, nilipendwa na kulishwa. Lakini katika maisha yangu yote hakuna mtu mzima aliyewahi kusubiri neno langu. Walisubiri nikue, walisubiri nimalize shule, walisubiri nipate mtu. Neno langu lenyewe, kwamba ni lazima litoke kwangu ndipo jambo liende, sikuwahi kulisikia kwa mtu yeyote mpaka nilipolisikia juu ya ukuta wa Nakwa, likisemwa na mzee mwenye kiu ya tumbaku.

Nami, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na tisa na moyo wangu ulikuwa laini, nilitaka kumlipa kwa namna mbaya. Jioni ile, kabla hajasimama, nilimwambia, "Baba, ing'ate tu. Unateseka." Penseli ikahama kushoto. Akanitazama, kisha ikaja katikati, akaitoa.

"Unasema ndiyo, au unanihurumia?"

Nikaanza kukusanya vyombo. Mama Namelok aliinama juu ya sufuria kana kwamba kuna kitu kimezama humo.

"Basi tusichanganye," alisema mzee. "Tumbaku italetwa na mabasi. Neno lako halina basi la kulileta." Akairudisha penseli mdomoni, na jioni hiyo hakushusha kopo.

Jina langu lilitoka wiki za mwisho za mvua. Nilikimbia kutoka mjini mpaka Nakwa, matope mpaka magotini, na nilipofika mlangoni nilijua jibu langu kwa sababu furaha ile haikuwa na nafasi ya mtu mwingine ndani yake. Iliniuma, lakini niliijua. Nikamwambia Baba Namelok, "Nimeamua. Ni hapana. Sio kwamba simpendi." Akasema, "Sehemu ya pili utamwambia mwenyewe." Akamtuma mtu Mutuka.

Danieli alikuja na shati lilelile. Mama Sabina alikuwa bado hajapata mzigo, na mzee alikuwa anatafuna kipande cha ngozi ya mkanda. Alishusha kopo, akaitoa sigara, akaifuta kwa kiganja, akampa kwa mikono miwili kama alivyopewa. "Itazame mwenyewe," alisema. "Hakuna alama ya jino." Danieli aliigeuza, akaitazama kweli, pande zote, akaiweka mfukoni mwa shati. Nikamwambia ile sehemu ya pili, mbele yao wote. Akaitikia kwa kichwa. "Nenda kasome, Vero," alisema. Akaaga, akanywa maziwa aliyopewa mpaka akayamaliza kwa heshima, akaondoka. Baba Namelok alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea kwenye kona ya mahindi. Sijutii jibu langu. Nimevaa lile gauni jeupe miaka yangu yote ya kazi, nimepokea watoto wa watu, na ningelijibu vilevile tena.

Nilikuwa nikimtembelea mzee kila nilipopata likizo. Nikiwa nesi sasa nilimsomea hotuba ya vidonda vya mdomo na saratani, naye alinisikiliza sigara ikiwa kushoto, mwisho akasema, "Asante binti, nimekusikia," akaendelea kutafuna. Jina la Danieli hakulitaja kwangu hata siku moja, nami sikuuliza.

Kwa hiyo siku ile, chini ya turubai la msiba baada ya maziko, niliangalia mara mbili. Kwenye viti vya nyuma, kati ya wazee wa kanisa na vijana wa Simanjiro waliovaa mashuka, alikaa mzee mwenye sigara nene isiyowashwa pembe ya kushoto ya mdomo. Kwa sekunde ile niliamini kwamba wamekosea, kwamba waliyemzika ni mwingine. Kisha nikaona masikio.

"Danieli?"

"Vero." Akasimama. "Pole na msiba. Naona unaishangaa hii."

Akanisogezea kiti cha plastiki. Aliniambia kwamba siku ile, akirudi Mutuka, alitaka kuitupa mtoni. Alisimama darajani ameishika. "Nikasema, kama mzee ameikalia masika nzima bila kuigusa, na kiu yote ile, lazima ndani yake kuna kitu. Nikaing'ata." Alitapika hapohapo, akakaa chini, akatapika tena. "Kesho yake nikaitafuta mfukoni. Mpaka leo. Marehemu mke wangu alisema wewe ulinikataa ukamwachia yeye kazi ya kuosha mashati yenye madoa." Nilicheka nimejifunika khanga usoni, kama alivyocheka Mama Namelok siku ile. Akaniambia kwamba Mama Sabina alipofariki, yeye ndiye aliyejifunza kusokota, na miaka yote hiyo ndiye aliyemletea Baba Namelok sigara zake. Kila alipompa, mzee aliigeuza mkononi, akamtazama kwa jicho moja, akamuuliza, "Hii ni ya kutafuna tu?" Naye akajibu, "Ya kutafuna tu, Baba." Ndipo aing'ate. Hakuna hata mara moja aliyoing'ata bila kuuliza kwanza.

Akina mama walikuwa wanagawa wali na nyama. Danieli aliingiza mkono mfukoni, akatoa kitu kilichofungwa gazeti. "Nilikuwa nimletee Jumapili," alisema. "Sasa sijui nimpe nani." Akakiweka juu ya mapaja yangu, kwa mikono miwili. Mimi, nesi mstaafu, niliyewapokonya wagonjwa ugoro wodini na kuutupa kwa hasira, nilifungua gazeti nikaitazama. Nene, jani jeusi, uzi umefungwa vizuri.

"Hii ni ya kutafuna tu?" nilimuuliza.

Danieli aliitoa yake mdomoni, akakaa nayo mkononi, anatazama wajukuu wa marehemu wakikimbizana kati ya viti. "Sina hakika, Vero," alisema.

Nilirudi Mbulu nayo ndani ya mkoba. Sasa iko kwenye kopo la kahawa juu ya mlango wangu, na hakuna wa kulishusha ila mimi. Danieli hupiga simu Jumapili baada ya ibada, anaeleza hali ya hewa ya Mutuka, na kabla hajakata anauliza, "Bado?" Nami namwambia bado. Lakini jana, baada ya chakula, nilipoishusha kuinusa, nilijikuta nimeipitisha mdomoni, taratibu, meno nimeyaweka mbali nayo, upande wa kushoto. Nilikaa nayo hivyo mpaka giza likaingia, nasikiliza.